Chumvi ya Mkate wa Baba

11 Machi

Mvua ya kwanza. Imetukuta tunatoa trei za pili tanurini, ikapiga bati kwa kelele mpaka Shangazi pale dirishani akawa anauza mikate kwa ishara za vidole. Naanza daftari hili kwa sababu kila msimu wa mvua unga hubadilika tabia, na kila mwaka nasahau tulifanyaje mwaka uliopita. Unga unakunywa unyevu, hamira inalala asubuhi na kushikwa na wazimu mchana, chumvi inashikana mabonge ndani ya ndoo.

Baba hahitaji daftari. Mtaa mzima unamwita Mizani. Kilo kumi za unga, konzi tatu za chumvi, basi. Leo nimemtega tena kama nilivyokuwa nikimtega nilipokuwa na miaka tisa: nimeweka bakuli chini ya mkono wake kabla hajamwaga, nikapima konzi zote tatu. Gramu mia mbili na moja.

"Hiyo moja ni maji ya mvua," akasema, wala hakugeuka.

Nina miaka arobaini na moja na bado jambo hili linanisisimua mwili. Unga napima mimi, maji mimi, hamira mimi, tanuri naliwasha mimi. Chumvi sijawahi kuruhusiwa kuitia hata siku moja. Chumvi ni ya Baba.

14 Machi

Mvua. Mikate mia moja na themanini. Miguu ya Baba imevimba, soksi zimemwachia mfereji kwenye vifundo.

17 Machi

Nimemburuta kliniki. Presha mia na sabini na nane kwa mia na nne. Muuguzi alirudia kupima, akidhani mashine imekosea. Kwa daktari aliingia peke yake.

"Mimi si mtoto wa chanjo, useme utanishika mkono," aliniambia, akafunga mlango.

Basi nikabaki kwenye benchi pamoja na wagonjwa wengine, na muuguzi akatupa somo. Nakiri nilitaka kusinzia, lakini nilijikuta nimeinama mbele mdomo wazi. Alisema ndani ya chumvi ya kawaida mna sodiamu, na sodiamu inavuta maji, maji yanajaza damu, damu inasukuma mishipa. Ndani ya ndizi, maharage, viazi, mboga za majani na parachichi mna potasiamu, nayo inausaidia mwili kuitoa sodiamu na kuilegeza mishipa. Wengi wetu, alisema, tunakula ya kwanza kupita kiasi na ya pili kidogo mno. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai.

"Na hicho kijiko ni pamoja na chumvi ambayo hamuioni," akaongeza. "Iliyomo kwenye supu za pakiti. Iliyomo kwenye mkate."

Benchi zima likanigeukia mimi. Mama mmoja, mteja wetu wa kila siku, akasogeza mkoba wake kama nimemwibia.

Nilirudi nikapiga hesabu nyuma ya mfuko wa unga. Mkate wetu mmoja una gramu sita na zaidi za chumvi. Mmoja tu! Siku nzima ya mtu, na bado hajagusa chakula. Baba anakula zaidi ya nusu mkate kwa siku, na juu yake huonja donge bichi la kila mkando, maana bila kuonja hatii mkate tanurini. Miaka thelathini na minane anaonja. Nilikaa juu ya gunia nikiwaza ni magunia mangapi ya chumvi yamepita katika ulimi ule.

Kule kliniki, alipotoka kwa daktari, alikuwa na karatasi amezikunja mara nne, amezitia mfuko wa shati na kufunga kifungo.

"Kasemaje?"

"Nipunguze chumvi. Na kidonge kipya."

"Hayo tu?"

"Ulitaka aseme mangapi?"

19 Machi

Nimemwokea mkate wake wa pekee usio na chumvi kabisa. Sikujua chumvi ndiyo inayoishikisha hamira adabu. Donge liliumuka kwa fujo, likapanda ukingo wa bati, likachungulia nje, kisha likazama katikati kama limetobolewa. Mkate ukatoka mweupe, una ladha ya maji ya mfereji. Niliushika kwa mikono miwili nikaustaajabia. Kitu kidogo vile, asilimia mbili ya unga, na kumbe bila hicho mkate haujui uache kukua lini.

Baba alitafuna mara moja, akautema kiganjani.

"Heri nife," akasema.

"Kaka yangu, usife leo," Shangazi akamjibu kutoka dirishani. "Mvua hii, nani atakuja mazikoni?"

20 Machi

Hakula kitu ila chai.

22 Machi

Nimepata dawa! Dukani kwa mfamasia kuna kopo jeupe la chumvi mbadala. Sodiamu hamna, badala yake wameweka potasiamu. Yaani yale mawili ya muuguzi, kupunguza hii na kuongeza ile, yamo ndani ya kopo moja. Nilisoma kila neno, mpaka yale madogo ya chini: wenye matatizo ya figo wasitumie bila kumwuliza daktari. Sisi hatuna matatizo ya figo. Nikalipa.

Baba sitamwambia. Akijua ni chumvi ya dukani kwa dawa hataigusa. Nimekula njama na Shangazi: yeye kwenye mboga, mimi kwenye mkate.

24 Machi

Kwenye donge la mkate wake wa pekee nilianza na asilimia mbili, kama fundi. Baba akaonja donge.

"Haijafika."

Nikaongeza. Akaonja.

"Bado."

Nikaongeza tena, na tena, mpaka akatikisa kichwa kukubali, ingawa alisema kuna kitu kinamkwaruza nyuma ya ulimi. Nilimwambia ni maji ya mvua. Nimetumia karibu mara mbili ya nilichopanga. Lakini amekula! Vipande vinne, na supu, na ndizi mbili juu yake. Anadhani namtilia kwa siri chumvi ya kawaida kinyume cha daktari, na ananikonyeza kama mshirika wake. Nikamkonyeza na mimi.

27 Machi

Mvua. Nusu mkate kwa Baba, ndizi mbili asubuhi, mbili jioni.

30 Machi

Presha imeshuka! Mfamasia amempima Baba: mia na arobaini na sita kwa tisini. Soksi hazimwachii alama tena. Nilimbusu mfamasia mkono, mwanamke wa watu akashtuka. Nilirudi nyumbani kwenye mvua bila mwavuli, najiona mganga.

4 Aprili

Mvua. Baba anasema vidole vinamfa ganzi. Baridi hii.

6 Aprili

Ameangusha trei. Mikate kumi na minane matopeni. Hakugomba, wala hakumlaumu mtu. Alikaa juu ya gunia akaitazama mikono yake. Nimemzidishia maharage, apate nguvu.

8 Aprili

Leo nimeogopa na sijui naogopa nini. Donge la duka lilikuwa linakwenda mbio, laini kupita kiasi, linanata, linafanana na lile la siku bila chumvi. Nikadhani ni hamira. Mkando wa pili nikaweka bakuli chini ya mkono wa Baba, kama mchezo wetu. Konzi tatu.

Gramu mia na arobaini na nane.

Nilipima tena. Nikasafisha mizani, nikapima tena. Mia na arobaini na nane. Nilingoja aseme neno la utani. Alifungua na kufunga vidole polepole, kama mtu anayejaribu glovu ya mwingine.

"Wamebadilisha chumvi," akasema.

Nikajiuma ulimi. Ya duka ni ileile ya siku zote.

9 Aprili

Naandika hospitali, kwenye kiti cha chuma, na saa ya ukutani inasema saa kumi na moja jioni. Nitaandika yote, hata yale ya kunivua nguo.

Saa mbili asubuhi Baba alikuwa mezani anakanda. Alisema, "Miguu yangu imekuwa unga," halafu akaketi sakafuni, taratibu, bila kishindo. Nilimshika kifundo cha mkono. Nahesabu: moja... nikangoja... mbili... nikangoja mpaka nikadhani nimepoteza mahali. Dereva wa gari la unga alikuwa anashusha magunia, akayaacha kwenye mvua, akambeba Baba mgongoni. Shangazi alibaki akizima tanuri, analia na kunitukana mimi, mvua na tanuri kwa pamoja.

Daktari wa zamu ni binti mdogo kuliko mimi, miwani imemshuka puani. Walimbandika Baba waya kifuani na mashine ikaanza kutema karatasi. Aliitazama karatasi ile. Aliita watu wawili kwa sauti ya chini, na wote wakaja mbio.

"Dada," akaniambia, macho yake kwenye karatasi, "Mzee anakula nini?"

"Mkate. Mboga. Ndizi. Nimempunguzia chumvi kabisa, dokta, hakuna sodiamu hata chembe."

"Umetia nini badala yake?"

Nikamwambia kopo jeupe. Nikamwambia asilimia. Nilizitaja kwa ufundi, na sauti yangu ikawa inapungua kadiri nilivyoona uso wake.

"Figo zake zikoje?"

"Nzima."

Baba akasogeza mkono. Alishindwa kufungua kifungo cha mfuko wa shati, vidole vikateleza. Nikakifungua mimi. Karatasi zile za tarehe kumi na saba, bado zimekunjwa mara nne. Mwandiko wa daktari ulikuwa safi, hata mtoto angesoma. Figo zimechoka, zinafanya kazi nusu. Kidonge kipya huzuia potasiamu isitoke mwilini. Apunguze chumvi. Asitumie chumvi mbadala. Ndizi na maharage kwa kipimo. Arudi baada ya wiki moja apimwe damu. Hakurudi. Wiki tatu karatasi imekaa juu ya moyo wake, na mimi napika kinyume chake mstari kwa mstari.

Sikulia, sijui kwa nini.

Daktari hakunigombeza. Alinivuta mpaka kwenye mashine, akaniwekea kidole juu ya mchoro. "Unaona hivi vilele vilivyochongoka kama mahema? Havitakiwi kuwa hivi. Ni potasiamu imezidi kwenye damu, moyo unasahau zamu yake. Sasa tazama."

Wakamdunga dawa kwenye mshipa, polepole. Akasema hiyo haiondoi potasiamu, inaulinda moyo tu wakati wanatafuta njia ya kuiondoa. Nikatazama. Dakika moja. Mbili. Dakika ya tatu kilele kilipungua, kama donge unalolibonyeza kwa kidole likatii. Kilichofuata kikapungua zaidi. Kikawa kilima, kikawa kijilima. Nilikuwa natazama moyo wa baba yangu ukikumbushwa. Sijawahi kuingia mahali pa ibada nikanyamaza hivyo.

Halafu wakampa sukari na insulini pamoja, na mimi kwa ujinga wangu nikapiga kelele, "Hana kisukari!" Daktari akacheka kidogo, akaketi na mimi. Aliniambia insulini inaisukuma potasiamu irudi ndani ya seli, ndiko makazi yake. Kila seli ya mwili, alisema, ina vilango visivyohesabika vinavyofanya kazi moja: kutoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Tatu zinatoka, mbili zinaingia. Tatu nje, mbili ndani. Havilali, vilianza kabla hujazaliwa, na sehemu kubwa ya chakula unachokula ni ya kuvilipa vilango hivyo. Kwa tofauti hiyo ndogo kati ya ndani na nje, moyo unadunda, kidole kinafunga konzi, na wewe unanisikia.

"Na nani anapima?" nikauliza.

"Figo. Zikiwa nzima, kula ndizi zako, utapitisha ziada kwenye mkojo. Za Mzee zimechoka kupima."

Nimetazama mikono yangu tangu saa ile. Tatu nje, mbili ndani, katika kila kidole, na mimi nilikuwa sijui. Potasiamu kwenye damu ya Baba ilikuwa saba nukta moja ilipopimwa, na haitakiwi kuzidi tano. Mara hii imekuwa sita. Mvua imenyesha kutwa na sikuisikia.

10 Aprili

Tano nukta nne. Amefungua macho, ameomba mkate. Kwa hiyo anapona.

Nilimweleza kuhusu kopo. Yote, na kukonyeza kule.

"Kumbe ulimi wangu ulijua," akasema. "Nilikwambia kuna kitu kinanikwaruza."

"Ulijua, Baba. Mimi ndiye niliyekudanganya. Na wewe karatasi ulinificha kwa nini?"

Aligeukia ukuta. "Ningesema figo, mngenivua aproni siku hiyohiyo. Mngeniweka kitini niwe natazama mvua."

"Basi ukaona heri ufe umeivaa?"

"Sikuwaza kufa, mwanangu. Niliwaza kiti."

Nilimkasirikia vibaya sana. Pia nilimwelewa, na hilo ndilo lililoniliza.

14 Aprili

Nyumbani. Kile kidonge wamekibadilisha. Shangazi amelitupa kopo jeupe jalalani, akarudi akalichukua, akaliosha, sasa anawekea vifungo.

15 Aprili

Mvua.

19 Aprili

Tunajifunza upya kula. Viazi navikata vidogo, navichemsha kwa maji mengi, maji namwaga, maana potasiamu hutoka na maji. Ndizi nusu, tena si kila siku. Chumvi ya kawaida, kidogo mno. Kwa mimi na Shangazi ndizi ni halali na maharage ni halali, kwa hiyo mezani watu watatu tuna sahani za namna mbili. Chakula kilekile ambacho kwangu ni dawa, kwake ni hatari. Naliwaza hili kila ninapopakua, na mkono unakuwa mwangalifu peke yake.

23 Aprili

Nne nukta sita! Daktari aliizungushia duara. Baba amerudi mezani kwa saa mbili kwa siku, aproni kifuani, hakuna aliyethubutu kumtajia kiti. Leo ametangaza jambo lake: chumvi ya mkate wa duka itapungua. Kidogo kidogo, kila wiki mkono urudi nyuma kwa upana wa ukucha, ili hamira isiharibikiwe na wateja wasishtuke.

"Wakigundua?" Shangazi akauliza.

"Miaka thelathini na minane nawalisha siku nzima ndani ya mkate mmoja. Wakigundua nitawaomba radhi."

Konzi tatu: gramu mia na themanini. Nilimwuliza kama ndizo alizokusudia. Akasema, "Pima upya kama huamini." Sikupima upya.

28 Aprili

Mvua kidogo asubuhi. Hakuna mteja aliyesema neno, ila yule mama wa kliniki, aliyesema mkate umekuwa mtamu.

3 Mei

Jua. Nilikwenda kliniki kumchukulia Baba dawa. Muuguzi wa lile somo akanitambua, akanikalisha. "Na wewe je? Umepima lini?" Nikacheka. Sikumbuki, nikasema, mimi ndiye ninayewapeleka wengine. Akanifunga kitambaa mkononi, kikanibana, kikalegea.

Mia na sitini na nne kwa mia.

Alipima tena mkono wa pili. Akaniandikia cheti, akasema nirudi Ijumaa kwa vipimo, damu na figo. Nilimshukuru. Nilitembea mpaka kwenye kona ya bekari, na hapo nikagundua mikono yangu imekwisha kukikunja cheti mara nne na kukitia mfuko wa aproni, ndani kabisa, chini ya leso. Sikuiagiza. Nilikuwa na sababu zangu tayari zimejipanga: Baba ndiyo kwanza amepona, Shangazi atapiga kelele, mikate ya kesho nani ataikanda.

Nilisimama pale konani mpaka mwuza magazeti akaniuliza kama nimepotea.

Baba alikuwa mezani, ndoo ya chumvi wazi, kilo kumi mbele yake. Niliweka cheti juu ya meza, nikakikunjua, nikakilaza kwenye unga. Alikisoma akiwa ameinama. Akakisoma tena. Aliponishika kifundo cha mkono kwa vidole viwili vyeupe kwa unga, nilisikia mapigo yangu yakigonga kwenye ngozi yake, tatu nje, mbili ndani, yakiendelea tu bila kuniuliza. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

"Afadhali umekileta," akasema. Kisha akasukuma ndoo upande wangu. "Chota."

"Mimi?"

"Kuna mwingine hapa?"

Nilitia mkono kwenye ndoo. Chumvi ilikuwa kavu, mvua imeiachia. Nikafunga konzi, nikaiinua juu ya unga, na Baba akaniwahi. Akanifungua vidole kimoja kimoja, akaacha kidogo kirudi kwenye ndoo, akavifunga tena.

"Hapo," akasema. "Hiyo inatutosha wote wawili."

Niliipima kabla sijaimwaga. Gramu hamsini na tano. Nikamwuliza konzi ya pili na ya tatu je, naye alikuwa amekwisha kunipa mgongo, anachochea tanuri.

"Ukishaujua mkono wako," akasema, "funga vilevile."